Kabla ya nano, tuupime mwani mwembamba

Kwa muda sasa simu zetu zinapokezana habari moja. Inasema kumetengenezwa jeli mpya ambayo ukiipaka kwenye jeraha hutulia mpaka pale jeraha linapopata joto la maradhi, hapo ndipo huachia dawa. Kwamba ndani yake mna chembe za dhahabu au za chuma ndogo mno kuonekana kwa macho, ndizo zinazoitwa nano. Na kwamba baadhi ya jeli hizo hutengenezwa kwa karaginani, ute unaotolewa kwenye mwani. Hapo kwenye mwani ndipo Wazanzibari tunapochangamka, na hukumu hazikawii kutoka. Wapo wanaosema mwani ndiyo dhahabu yetu mpya: kiwanda kikishasimama, bei itapanda, na kina mama wa Paje na Micheweni watasahau shida. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya wakubwa, sisi tuuze mwani wetu kwa magunia kama tulivyozoea.

Naona pande zote mbili zimeisoma habari hii vibaya. Jeli hizo zipo kweli, sayansi yake imesimama, na mwani unaolimwa katika pwani zetu unahusika moja kwa moja. Lakini anayenunua malighafi ya jeli za tiba hanunui wingi. Ananunua uhakika: kwamba kilo aliyoipata leo itafanya kazi ile ile, kwa kipimo kile kile, sawa na kilo atakayoipata mwakani. Nchi isiyojua mwani wake una nini ndani haitaingia katika biashara hiyo hata ikiujaza mwani bandari nzima ya Mkoani. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia nano, Zanzibar ianze kupima. Na ianze na mwani mwembamba, ambao siku zote tumeuona wa bei ya chini.

Tuanze na jeli yenyewe. Chukua nyuzi ndefu za kemikali zinazoitwa polima, zishikanishe hapa na pale mpaka upate wavu wenye matundu madogo mno. Tia maji, wavu utayashika yasimwagike. Hiyo ndiyo haidrojeli. Lenzi laini ya jicho ni haidrojeli, na ule unga wa ndani ya nepi za dukani, unaonyonya mkojo ukageuka ute mzito, nao ni wa ukoo huo huo. Mwaka 1960 wanakemia wawili wa Chekoslovakia, Otto Wichterle na Drahoslav Lím, walichapisha katika jarida la Nature taarifa ya jeli ambayo mwili wa binadamu unaivumilia. Kilichofuata kina somo kubwa kwetu kuliko ugunduzi wenyewe. Jeli walikuwa nayo, lakini lenzi nzuri hawakuipata: zilizotoka kwenye kalibu zilikuwa na kingo zilizochanika, hii hivi na ile vile. Mwishoni mwa 1961 Wichterle, akiwa nyumbani kwake, aliunda mashine ndogo ya kuzungusha kalibu kwa vipande vya mchezo wa watoto wa kuunga vyuma na dainamo ya baiskeli. Kalibu ilipozunguka kwa kasi moja, lenzi zikaanza kutoka sawasawa. Malighafi haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila lenzi ilifanana na mwenzake, na biashara ya lenzi laini ikazaliwa hapo.

Hatua ya pili ilikuwa kuifanya jeli iitikie. Mwaka 1978 Toyoichi Tanaka, wa chuo cha teknolojia cha MIT huko Marekani, alionyesha kwamba baadhi ya jeli zinaweza kunywea au kuvimba ghafla kwa mabadiliko madogo tu ya joto au ya kimiminika kilichomo. Polima mashuhuri katika kazi hii, ambayo wanakemia huiita kwa kifupi PNIPAM, hunywea ikipita takriban nyuzi 32 za Selsiasi. Binadamu ana nyuzi 37, basi wataalamu wakajifunza kuichanganya na polima nyingine ili mpaka huo usogee juu. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, walitia ndani ya jeli ya ukoo huo chembe ndogo zilizovishwa dhahabu. Walipozimulika kwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho lakini hupenya kiasi ndani ya nyama ya mwili, dhahabu ikapata joto, jeli ikanywea na kuitoa dawa iliyokuwa ndani. Chembe za oksidi ya chuma hufanya kazi kama hiyo zikiwekwa mbele ya sumaku inayobadilishwa mwelekeo kwa kasi. Mwaka 2002 Kazutoshi Haraguchi na mwenzake huko Japani wakaonyesha faida nyingine: chembe bapa za udongo wa mfinyanzi, zikigeuzwa kuwa vifundo vya ule wavu, huipa jeli laini nguvu ya kuvutwa mara kumi ya urefu wake bila kukatika.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu uvumi unasema nano ndiyo dawa. Sivyo. Katika jeli nilizozitaja chembe zina kazi mbili tu, kuipa jeli ugumu na kuipokea ishara kutoka nje, iwe mwanga, sumaku au joto. Kinachoshika dawa, kinachoamua itoke haraka au polepole, kinachogusa nyama ya mgonjwa, ni polima. Na polima ndiyo inayoota pwani kwetu.

Mwani tunaolima ni wa aina mbili kubwa. Mwani mnene hutoa karaginani ya kapa, mwani mwembamba hutoa karaginani ya iota. Zote mbili ni minyororo mirefu ya sukari yenye salfeti. Tofauti ni kwamba kapa ina salfeti moja kwa kila jozi ya sukari, na iota ina mbili. Tofauti hiyo inaonekana ndogo ukiisoma, lakini ndiyo inayoamua tabia yote. Kapa huganda kwa potasiamu na kutoa jeli ngumu inayokatika kwa kisu na kuvuja maji ikikaa. Iota huganda kwa kalsiamu na kutoa jeli laini, inayonesa, isiyovuja. Zile salfeti zina chaji hasi, hivyo huvuta chochote chenye chaji chanya, zikiwemo dawa nyingi na hata madini ya chuma yaliyoyeyuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aveiro nchini Ureno wametumia tabia hiyo hiyo kutengenezea chembe za sumaku ndani ya karaginani yenyewe. Kwa hiyo anayesema mwani hauna nafasi katika sayansi hii hajafuatilia.

Kilimo chenyewe kilianza kibiashara mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, baada ya miaka ya utafiti ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Kikaenea Unguja na Pemba, kikawapa wanawake kipato chao wenyewe katika vijiji ambavyo fedha ilikuwa ikipitia mikononi mwa wanaume tu. Mwani mnene ndio wenye bei nzuri. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umekuwa ukifa katika maji ya kina kifupi kadiri bahari inavyopata joto, jambo ambalo Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, amelieleza na kuliandikia kwa miaka mingi. Mwani mwembamba ndio uliobaki kuvumilia. Sehemu kubwa ya mwani tunaosafirisha ni huo, na bei yake ni ya kumkatisha tamaa mtu anayeamka alfajiri kuwahi maji ya bamvua yakitoka, akainama kwenye mambo, vile vijiti vinavyoshika kamba za mwani, mpaka mgongo ukamuuma, akafunga taitai, yaani vikamba vya kufungia mbegu, moja moja kwa vidole vilivyoliwa na chumvi.

Kuna jambo moja niliwahi kuliona na limenifanya niandike makala haya. Nilikuwa kwa kikundi cha kina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja wanaotengeneza sabuni ya mwani. Sufuria ya mwani mwembamba uliochemshwa na kuchujwa ilikuwa imepoa kando ya jiko, rangi ya chai ya maziwa, imeganda. Bibi mmoja alichukua mwiko akaikoroga mpaka ikawa uji. Akaiacha. Tulizungumza habari za watoto na skuli, na aliporudi kuitazama ilikuwa imeganda tena, inatikisika yote kwa pamoja ukigonga ukingo wa sufuria. Nikamwuliza, "Bibi, hii ukiivuruga hurudi kila mara?" Akanijibu, "Hurudi, mwanangu. Ile ya mwani mnene ndiyo ikishapasuka basi." Aliyasema kama jambo la kawaida, kwa sababu kwake ni jambo la kawaida. Maabarani tabia hiyo hutafutwa kwa bidii kubwa: jeli inayolegea ikisukumwa kwenye sindano na kujikusanya tena ikishaingia mwilini. Iota inayo kwa asili yake. Katika soko la chakula, jeli ngumu ndiyo inayopendwa, na ndiyo maana mwani mnene una thamani. Katika jeli za tiba, ulaini unaojirudisha unaweza kuwa na thamani zaidi. Tayari iota imo katika baadhi ya dawa za kupuliza puani kwa mafua zinazouzwa Ulaya.

Basi wanaoshangilia wana hoja nzito mkononi, na ningependa waishike vizuri. Tatizo ni kwamba wameiacha wakashika nyingine dhaifu, ile inayosema jeli za tiba zitanunua mwani wetu wote na bei itapanda kwa kila mkulima. Tuipige hesabu. Bandeji ya jeli ya gramu 10, yenye karaginani asilimia 2, inatumia gramu 0.2 tu, iliyobaki ni maji na vitu vidogo vidogo. Kilo moja ya karaginani safi inatosha bandeji 5,000, na tani moja inatosha bandeji milioni 5. Chukua tani 10,000 za mwani mkavu kwa mwaka, kiwango ambacho Zanzibar imewahi kukifikia na kukipita. Tuseme kwa makadirio ya chini robo ya uzito huo inatoka karaginani: tani 2,500. Hizo zingetengeneza bandeji bilioni 12 na nusu kila mwaka, zaidi ya moja kwa kila binadamu aliye hai, mzima na mgonjwa. Soko la namna hiyo halipo na halitakuwepo. Karaginani nyingi duniani huenda kwenye maziwa, nyama za kusindika, dawa ya meno na vyakula vya makopo, na itaendelea kwenda huko. Anayemwambia mkulima wa Micheweni kwamba jeli za nano zitampandishia bei ya gunia anamlisha ahadi ambayo hesabu yake haitoki.

Ipo hoja nyingine dhaifu, nayo ni ya hatari zaidi kwa sababu inagusa afya: kwamba kwa kuwa mwani unaingia katika dawa, basi mwani wenyewe ni dawa ya kila kitu. Historia ya karaginani ina funzo zito hapa. Katika majaribio ya maabara ilionekana kuzuia virusi vya UKIMWI visiingie kwenye seli. Ikatengenezwa jeli iitwayo Carraguard, ikajaribiwa kwa wanawake 6,202 nchini Afrika Kusini kuanzia 2004 hadi 2007. Matokeo yalitangazwa 2008: jeli ilikuwa salama, lakini haikuwakinga wanawake hao na maambukizi. Majaribio yalifanywa kwa uaminifu, jibu likatoka, na jibu lilikuwa hapana. Ndivyo sayansi ya tiba inavyotakiwa kwenda, na ndiyo sababu matangazo ya juisi ya mwani inayotibu sukari, presha na uvimbe yasipewe nafasi hata kidogo katika mazungumzo haya. Polima nzuri ni chombo cha kubebea dawa. Ikitakiwa iwe dawa, lazima ipitie njia ile ile ndefu ambayo Carraguard ilipitia na ikashindwa.

Sasa nirudi kwenye uhakika. Mwani wa mkulima mmoja na wa jirani yake wa kamba ya pili unaweza kutofautiana kabisa ndani, hata ukiwa wa aina moja. Mwani unaoachwa baharini wiki sita hukomaa na kutoa karaginani yenye nguvu. Unaovunwa mapema kwa sababu mtoto anadaiwa ada au nyumbani hamna unga, hutoa karaginani dhaifu. Ulioanikwa juu ya chanja hutoka safi. Ulioanikwa juu ya mchanga hubeba mchanga. Ulionyeshewa ukiwa unaanikwa hupoteza sehemu ya chumvi zake na hubadilika rangi. Maji ya ghuba moja si ya ghuba nyingine, na kinachomwagika kutoka mjini na mahotelini hufika baharini. Yote hayo hayaonekani kwenye mizani. Gunia la mwani uliokomaa, uliokaushwa kwenye chanja, na gunia la mwani uliovunwa mapema ukabeba mchanga hupimwa kwa uzito mmoja. Mnunuzi huingiza mkono, hufinya kujua kama umekauka, huandika kilo. Mara nyingi bei ni moja. Mkulima mwenye akili timamu atavuna mapema na kuanika pale palipo karibu, kwa sababu bidii yake ya ziada haina anayeilipia.

Mtengenezaji wa jeli ya tiba hawezi kufanya kazi na gunia la namna hiyo. Jeli yake imepangwa iachie dawa kwa joto fulani. Karaginani ikiwa na minyororo mifupi kuliko ya mwezi uliopita, au kalsiamu nyingi kuliko ilivyotakiwa, jeli itayeyuka mapema au itachelewa, na mgonjwa atapata dozi siyo. Ukiongeza chembe za chuma au dhahabu, mambo yanazidi kuwa magumu, maana chembe hizo hujishika kwenye salfeti, na wingi wa salfeti ukibadilika, mtawanyiko wa chembe nao hubadilika. Kwa sababu hiyo anapima kila kitu. Ana chombo kinachoitwa reomita: sahani mbili ndogo, tone la jeli katikati, sahani moja hutikiswa kidogo kidogo huku joto likipandishwa, na mashine inaandika ni katika nyuzi ngapi jeli imeanza kulegea. Anapima madini mazito kama aseniki, risasi na kadmiamu. Anapima mabaki ya bakteria ambayo yakiingia mwilini huleta homa. Ikiwa muuzaji hawezi kumpa namba hizo, na kumhakikishia kwamba hazitabadilika, atanunua kwa anayeweza, hata kama mwani wa huyo wa pili ulitoka Zanzibar ukapita mikono mitatu kabla ya kumfikia.

Wanaopinga habari hii ya jeli nao wasikilizwe, kwa sababu wanazungumza kutokana na uchungu halisi. Wanasema mkulima wa mwani anahitaji viatu vya kumkinga na miiba ya samaki na ya wadudu wa baharini. Anahitaji boti na mafunzo ya kuogelea ili afuate maji ya kina kirefu ambako mwani mnene bado unastawi. Anahitaji bei ya haki mwezi huu. Kila shilingi inayokwenda maabara, wanasema, imeondolewa kwake. Hoja ya kwanza naikubali yote bila kusita. Ya mwisho siikubali. Mkulima amekuwa akipunjwa tangu kilimo hiki kianze kwa sababu anayepima ni mnunuzi peke yake. Angekuwa na karatasi ya maabara inayosema mwani wa kikundi chake una umri wa wiki sita, unyevu wa kiasi kadhaa na mchanga wa kiasi kadhaa, angeingia kwenye mazungumzo ya bei na kitu mkononi. Kipimo ni silaha ya mnyonge kabla hakijawa anasa ya mwanasayansi. Na hatuko wageni na mambo haya. Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kinakamua mafuta kutoka kwenye makonyo na majani ya mkarafuu, na mafuta ya karafuu huuzwa duniani kwa kiwango cha yujenoli, kemikali yake kuu, kilichomo. Mpemba anaelewa vizuri tofauti ya kuuza kitu kwa ratili na kuuza kwa kilichomo ndani.

Ipo hofu ya tatu ambayo nadhani haizungumzwi ipasavyo, nayo ni bahari yenyewe. Chembe za madini ya fedha, kwa mfano, huua bakteria, na ndiyo sababu hutiwa kwenye bandeji za majeraha. Zikioshwa na kumwagwa, haziachi kuua. Visiwa ambavyo majitaka yake mengi huishia baharini bila kusafishwa havina budi kuwa waangalifu. Mwani, matumbawe na samaki wachanga wanaishi katika maji yale yale. Kwa hiyo, hata ikitokea siku moja mtu akataka kujenga hapa kiwanda cha kutengeneza jeli zenye chembe za metali, msimamo wangu ni kwamba tumkatalie mpaka aonyeshe maji yake machafu yanakwenda wapi. Upande wetu wa kazi hii ni polima safi. Kazi ya chembe ifanyike penye mitambo ya kuzidhibiti.

Haya yakiwekwa pamoja, picha ya nini kifanyike inabadilika. Mjadala wetu umekuwa wa kiwanda: kitakamilika lini, kitapokea tani ngapi. Mradi wa kiwanda cha mwani wa Chamanangwe, Pemba, una maana yake, na kusindika mwani huko badala ya kuusafirisha ukiwa mkavu ni jambo ambalo wakulima wamelisubiri miaka mingi. Ila kiwanda kinachopokea magunia yaliyochanganywa, mwembamba na mnene, uliovunwa mapema na uliokomaa, kitatoa unga wa daraja la chini kabisa hata mitambo yake ikiwa mipya. Kabla ya mlango wa kiwanda panahitajika meza ya kupimia. Kila kikundi kipewe namba, kila gunia liwe na karatasi inayotaja ghuba, aina, tarehe ya kufunga na tarehe ya kuvuna. Sampuli zichukuliwe kila msimu, kusi na kaskazi, kutoka sehemu zile zile. Baada ya misimu michache tutajua jambo ambalo hakuna mnunuzi wa nje atakayetwambia bure: ghuba ipi ya Pemba inatoa iota yenye minyororo mirefu, na mwezi gani.

Watu wa kuifanya kazi hii tunao. Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo mjini tangu 1978. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina wanafunzi wa kemia ambao kila mwaka hutafuta mada za kuandikia. Wakala wa Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali upo, na Taasisi ya Viwango Zanzibar ndiyo mahali pa kuandika madaraja ya mwani ili daraja la kwanza lilipwe zaidi ya la tatu kwa mujibu wa kanuni, isiwe kwa hisani ya mnunuzi. Kinachokosekana ni uamuzi kwamba kazi hii ni ya umma na bajeti yake iwepo kila mwaka. Miradi ya miaka miwili inayokuja na fedha za nje na kuondoka na daftari zake haifai kwa kazi ambayo thamani yake yote iko katika kutokatika.

Na kwa kuwa jeli za tiba hazitaumaliza mwani wetu, wingi utafutiwe matumizi yake. Mimi ningeanza na ardhi. Sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja na baadhi ya sehemu za Pemba ni maweni. Mvua ikinyesha maji hupita chini mara moja. Miche ya mikarafuu inayogawiwa wakulima hufa kwa wingi ikikutwa na kiangazi kabla haijashika mizizi. Jeli ya mwani iliyochanganywa na chembe za udongo wa mfinyanzi, bila metali yoyote, inaweza kushika maji kuzunguka shina la mche na kuyaachia taratibu, na yenyewe ikaoza udongoni, tofauti na ule unga wa plastiki unaotumika kwingine. Haihitaji usafi wa hospitali, hivyo hata mwani wa daraja la tatu ungepata kazi. Watafiti wa kilimo walioko Kizimbani wangeweza kuijaribu kwenye vitalu vyao: miche kadhaa kwa jeli, kadhaa bila jeli, chumvi ya udongo ipimwe kila mwezi maana mwani hubeba chumvi, na mwisho wa kiangazi wahesabu iliyobaki hai. Kitaalamu hiyo nayo ni haidrojeli mseto, polima laini na chembe ndogo mno, ya jamii moja na zile zinazotajwa kwenye simu zetu.

Kuhusu mwani mwembamba wa daraja la kwanza, atakuja mtu kuutaka, leo au baada ya miaka mitano. Atakuwa na maabara yake, atataka kuchukua sampuli za ghuba zetu, na atalipa bei nzuri kidogo kuliko ya soko. Katika mkataba wake kiwepo kifungu kinachomtaka aache nakala ya kila kipimo alichokifanya katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, kikiwa na jina la ghuba na namba ya kikundi kilichovuna, na kikundi hicho kipewe karatasi yake kwa Kiswahili. Akikataa kifungu hicho, asipewe mwani.